Nguo za Pamba kwa Safari za Miguu na Kazi za Nje

Mkulima wa pamba huifahamu pamba tangu mbegu inapofukiwa hadi robota linapopakiwa garini. Si rahisi kumdanganya kuhusu daraja. Pamba safi na pamba fifi huzitenganisha kwa mkono huku akizungumza na jirani yake. Lakini mkulima huyo huyo akiingia dukani kununua suruali ya safari, hushika ile iliyo karibu, akauliza bei, akapunguziwa kidogo, akaondoka. Pamba ikiisha kuwa kitambaa haikagui tena.

Vyama vya msingi navyo hununua kwa namna hiyo. Hati za malipo zinazohusu mavazi, yawe makoti ya walinzi wa ghala, suruali za wapimaji wa mashamba au fulana za wajumbe wanaokwenda ziara ya mafunzo, aghalabu huonyesha idadi, bei na rangi. Ni nadra kukuta imeandikwa kitambaa ni cha aina gani, kina uzito gani na kitavaliwa wapi. Matokeo yake ni kwamba fedha za wanachama hununua suruali inayochubua mapaja ya mpimaji kabla hajafika kijiji cha pili au, jambo lililo baya zaidi, fulana inayomwacha mjumbe akitetemeka katika mvua ya milimani ingawa amevaa nguo tatu. Kwa hiyo yafaa makatibu na kamati zao wafahamu pamba hufanya nini mwilini mwa mtu anayetembea, ili waitumie pale inapofaa na wasiitegemee pale isipofaa.

PAMBA NA MAJI

Unyuzi wa pamba ukiwa ndani ya tumba ni mrija mwembamba sana. Tumba likipasuka, mrija huo hukauka, hulala bapa na kujisokota kama utepe. Tabia yake kubwa ni kupenda maji. Hata pamba inayoonekana kavu kabisa ina unyevu ndani yake, na katika biashara ya nyuzi duniani hukubaliwa kuhesabu sehemu 8.5 za maji kwa kila sehemu 100 za pamba iliyokaushwa. Poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, huhesabiwa sehemu 0.4 tu. Makarani wa ununuzi wanaijua tabia hii kwa upande wake mbaya, kwani ndiyo inayomwezesha mtu asiye mwaminifu kunyunyizia maji mzigo wake usiku wa kuamkia siku ya kupima.

Katika joto kavu tabia hiyo ni neema. Jasho linapotoka, pamba hulivuta kutoka kwenye ngozi, hulitandaza juu ya kitambaa, na upepo unapolikausha huchukua joto la mwili. Mtu anayetembea kutoka kijiji hadi kijiji mwezi wa Agosti, jua likiwa kali na hewa kavu, hana nguo bora kuliko shati jepesi la pamba lililo pana. Aidha, pamba ikilowa haidhoofiki. Nguvu ya unyuzi wake huongezeka, na hiyo ni sababu mojawapo ya nguo za pamba kustahimili kupigwa juu ya jiwe kila wiki kwa miaka.

Lakini kazi ya kupoza mwili haikomi kwa sababu hali ya hewa imebadilika. Nguo huleta joto kwa kuzuia hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake, wala si kwa uzito wake. Pamba ikilowa, nyuzi hulegea na kulaliana, na nafasi zilizokuwa na hewa hujaa maji. Maji hupitisha joto upesi kuliko hewa iliyotulia kwa kadiri ya mara 25. Hapo mvaaji huwa kana kwamba amejifunga maji baridi kifuani, na kadiri upepo unavyovuma ndivyo anavyozidi kupoteza joto. Sufu ya kondoo nayo hunywa maji, tena kuliko pamba, lakini unyuzi wake umejikunja kama chemchemi ya chuma na hubaki umesimama hata ukilowa, kwa hiyo hewa kiasi husalia.

Anayetaka kuthibitisha haya hahitaji maabara. Zichukuliwe suruali mbili, moja ya jinzi na nyingine ya drili nyepesi, zipimwe kwenye mizani ya dukani zikiwa kavu, zichovywe katika ndoo, zikamuliwe kwa mikono na kupimwa tena. Kisha zianikwe kivulini na kupimwa kila saa. Wajumbe wa kamati wataona wenyewe ni kilo ngapi za maji mtu hubeba viunoni mwake anaponyeshewa, na wataona suruali ya jinzi ikiwa bado mbichi wakati ile ya drili imekwisha kukunjwa.

KUKITAMBUA KITAMBAA

Pamba si kitambaa kimoja. Historia ya nchi hii yenyewe inaonyesha hivyo. Wapagazi wa Unyamwezi waliokwenda kwa miguu kati ya pwani, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walikuwa na majina ya vitambaa vingi, kwa kuwa nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Marekani, ile nguo nene isiyopaushwa, ilipata jina lake kwa kuwa ililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani. Kaniki ilikuwa ile iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Na bafta ilikuwa nyeupe na laini. Mpagazi alibeba pamba begani na kujifunga pamba kiunoni, na hakuchanganya ya kuvaa na ya kuhonga.

Kwa safari za leo tofauti ya kwanza ya kuzingatia ni ufumaji. Marekani na popilini hufumwa kwa njia ya kawaida, uzi mmoja juu, mmoja chini. Drili, gabadini na jinzi hufumwa kwa mshazari, na ukitazama kwa makini utaona mistari midogo inayolala upande. Ufumaji wa mshazari huwezesha nyuzi nyingi zaidi kubanwa mahali pamoja, kwa hiyo kitambaa huzuia miiba na upepo na hakichakai upesi magotini. Basi kwa shati popilini hutosha, yenye uzito wa gramu 120 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Kwa suruali au sketi ya kazi, drili ya gramu 200 hadi 250. Jinzi nzito hupita gramu 400, nayo ni nguo ya kuendea mjini. Vijana hawapendi kusikia hivyo.

Gabadini inastahili kutajwa peke yake. Ilibuniwa na Thomas Burberry huko Uingereza mwaka 1879, ikawa kitambaa kilichobanwa sana kwa ajili ya kuzuia mvua na upepo, na wapanda mlima wa Everest mwaka 1924 walivaa makoti yake juu ya nguo za sufu na hariri. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitengeneza kitambaa cha pamba kiitwacho Ventile kwa ajili ya marubani waliokuwa wakianguka baharini. Unyuzi wake ukilowa huvimba na kuziba matundu, maji yasipenye upesi. Kwa hiyo si kweli kwamba pamba haiwezi kabisa kukabiliana na mvua. Ila vitambaa hivyo ni ghali, na gabadini nyingi inayouzwa sokoni sasa ni poliesta tupu iliyobaki na jina.

Ndiyo maana mnunuzi hana budi kujua kupima. Aombe uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi na huacha majivu mepesi ya kijivu yanayosambaratika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Kitambaa cha mchanganyiko huwaka na kuacha kidonge pamoja na majivu. Kisha akiinue kitambaa kuelekea jua: akiona mwanga wa jua kama kwenye chekeche, jua litapenya pia wakati wa kuvaa.

Mchanganyiko wa pamba na poliesta si ulaghai iwapo umeandikwa wazi. Mchanganyiko wa kawaida, poliesta 65 na pamba 35 kwa mia, hukauka upesi, haurudi sana na hudumu katika magoti na makalio. Kwa suruali ya mpimaji anayetembea majira ya mvua, kati ya Novemba na Machi, umande ukiwa kiunoni na matope miguuni, huo ni uchaguzi wa busara kuliko pamba tupu. Mkulima wa pamba asione haya kusema hivyo. Kosa ni kuuziwa mchanganyiko kwa bei ya pamba tupu. Na mlinzi anayekaa kandokando ya moto usiku asipewe koti la poliesta, kwa kuwa cheche ikiruka kitambaa huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

JUA, MBUNG'O NA NYUKI

Watu wengi hudhani kwamba fulana nyeupe ndiyo kinga ya jua. Nyeupe haipati joto upesi, hilo ni kweli. Lakini fulana nyembamba nyeupe hupitisha sehemu kubwa ya ile miale inayounguza ngozi, na ikilowa jasho hupitisha zaidi. Kinachozuia miale ni kubana kwa ufumaji, unene na rangi iliyokolea. Kwa mwanachama mwenye ualbino jambo hili ni la uhai, kwa maana jua la shambani ndilo linalomletea saratani ya ngozi, na mara nyingi humletea akiwa bado kijana. Chama kinapogawa mavazi, yeye apewe shati la mikono mirefu la kitambaa kilichobanwa, lenye ukosi wa kufunika shingo, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kofia ya chepeo huacha masikio na shingo wazi, na hapo ndipo vidonda hupenda kuanzia. Mafuta ya kukinga ngozi yanayotengenezwa Moshi katika Hospitali ya KCMC husaidia, lakini hayachukui nafasi ya nguo.

Rangi ina mambo mengine. Katika mapori ya Tabora, Katavi na pembezoni mwa Serengeti wako mbung'o, nao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, kiasi kwamba mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anayeingia porini na jinzi ya buluu amejigeuza mtego. Warina asali wanajua pia kwamba nyuki wakikasirika hushambulia zaidi vitu vyeusi, kwa hiyo ovaroli ya kurinia hushonwa kwa marekani au drili nyeupe. Kwa matembezi ya kawaida, kaki au rangi ya majani makavu huafikiana na mahitaji yote: imekolea kiasi cha kuzuia jua, haiwaiti mbung'o, na haionyeshi vumbi, ambalo ndilo maana ya neno kaki katika lugha lilikotoka. Mabaka yanayofanana na sare za jeshi yasinunuliwe hata yakiuzwa rahisi kwenye mitumba. Raia haruhusiwi kuyavaa.

MSHONO

Kitambaa kizuri huweza kuharibiwa na fundi. Pamba mpya hurudi, kwa hiyo ilowekwe usiku kucha, ikaushwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa; fundi anayekataa kusubiri siku moja asipewe kazi. Suruali ya kutembelea iwe pana mapajani na iwekewe kipande cha ziada mahali miguu inapokutana, ili mishono minne isikutane pale pale ngozi inaposuguana. Pamba iliyolowa jasho katika mshono huo huchubua ngozi kwa muda mfupi, na mtu akishachubuka safari imekwisha. Mikono ya shati iwe mirefu yenye kifungo cha kuizuia inapokunjwa. Kwa kina mama, sketi pana ya drili nyepesi inayokomea juu kidogo ya kifundo cha mguu huwawezesha kuruka mfereji bila kuinua nguo, jambo ambalo mafundi wa kiume huwa hawalifikirii.

Khanga nayo ni nguo ya safari isiyosifiwa vya kutosha. Ni nyepesi, hukauka upesi ikitandazwa kichakani, hufunika kichwa na shingo, hugeuka taulo, hufunga mzigo, na mtu akijeruhiwa mkono huuninginiza.

Soksi za pamba tupu, kwa upande mwingine, ni hasara. Hunywa jasho, hubaki mbichi ndani ya kiatu na kulainisha ngozi hadi malengelenge yanapotokea. Soksi za sufu au za mchanganyiko ni bora. Anayetembea kwa makatambuga hana shida hiyo, na pengine ndiye aliyechagua vizuri kuliko wote.

ZIARA ZA MILIMANI

Hatari yenyewe iko mahali ambapo wanachama wa nchi za tambarare hawaizoei. Vyama vya pamba hupeleka wajumbe Moshi kujifunza kwa wenzao wa kahawa, ambao Chama Kikuu chao, KNCU, kimekuwapo tangu 1933. Wajumbe hutembezwa kwenye migomba na mifereji, na mara nyingine wenye nguvu hupanda kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kurudi siku hiyo hiyo. Ni matembezi mepesi, wala hayahitaji kamba. Basi wajumbe huondoka na fulana za chama, suruali za jinzi na sweta za pamba.

Hesabu yake ni hii. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mandara iko mita 2,700 hivi. Joto hupungua takriban digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Siku ambayo Mwanza ina digrii 28, hesabu hiyo peke yake huipa Mandara digrii 18, kabla ya kuingiza mvua, upepo na kivuli cha msitu. Na ukanda huo wa msitu, upande wa kusini wa mlima, ndio unaonyeshewa kuliko sehemu nyingine zote za Kilimanjaro. Mjumbe hupanda akitoka jasho, fulana hulowa kwa ndani. Mvua hunyesha, hulowa kwa nje. Kisha kundi husimama kula chakula, mwili uliokuwa ukizalisha joto hutulia, na pamba huendelea kulitoa lile lililobaki. Hali kama hiyo huwapata pia wanaopita kwa gari ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, uliopita mita 2,200, wanaposhuka asubuhi ya Julai kutazama chini.

Mtu hahitaji theluji ili afe kwa baridi. Digrii 10 zenye mvua na upepo hutosha kwa aliyelowa na kuchoka. Huko juu zaidi, wako wapagazi wa Mlima Kilimanjaro waliopoteza maisha kwa kukosa nguo zinazofaa, ingawa walikuwa vijana wenye nguvu na wenyeji wa mlima.

Kiongozi wa ziara azitambue dalili mapema. Mtu hutetemeka, hushindwa kufunga vifungo vyake, hujikwaa, hunung'unika, kisha maneno yake huanza kukosa mpangilio. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na amezubaa, wenzake wasifurahi kwamba amepata nafuu. Hapo ndipo hatari ilipo kubwa. Avuliwe nguo zilizolowa mahali pasipo na upepo, akaushwe, avishwe nguo kavu, afunikwe kichwa, akumbatiwe na mwenzake ndani ya blanketi, na kama ana fahamu zake apewe chai yenye sukari. Asipewe pombe kali, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto zaidi. Kisha ateremshwe na kupelekwa kwa mganga.

Kinga yake haina gharama kubwa. Shati la kupandia liwe la kitambaa kinachokauka upesi, si fulana nene ya pamba. Katika mfuko kila mjumbe awe na sweta ya sufu au koti la poliesta la manyoya, ambalo hupatikana kwenye mitumba kwa bei nafuu, pamoja na koti la mvua lisilopitisha maji na kofia ya sufu. Suruali iwe ya mchanganyiko. Hapo pamba hubaki na kazi moja, nayo ni muhimu: shati moja kavu na khanga moja, vikiwa vimefungwa ndani ya plastiki nzito, visifunguliwe hadi jioni mtu akiisha kufika chini na kunawa. Fulana zenye jina la chama zivaliwe siku ya kupiga picha.

KATIKA HATI ZA CHAMA

Katibu anayeandaa ununuzi wa mavazi aandike kwenye hati ya kuagizia mambo manne: jina la kitambaa na ufumaji wake, uzito kwa mita ya mraba, kiasi cha pamba na kiasi cha poliesta kwa mia, na kama kitambaa kimelowekwa kabla ya kukatwa. Katika muhtasari wa kikao cha kamati iandikwe nguo hizo ni za kazi gani na za majira gani, kwani mlinzi, mpimaji na mjumbe wa ziara hawawezi kuvikwa kwa bei moja na kitambaa kimoja, hata kama ni rahisi kuhesabu hivyo. Pale ambapo fundi wa kijijini anaweza kushona, bei yake ilinganishwe na ya muuzaji wa mjini pamoja na nauli.

Kipande cha kitambaa chenye upana wa kiganja kibanwe kwenye hati hiyo na kutiwa saini na Mwenyekiti. Mzigo ukifika ulinganishwe na kipande hicho mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, na uzi mmoja uchomwe kabla hati ya kupokelea mali haijatiwa saini.